Fundi Reuben na Vijiko Sita vya Sukari

Pale Voi, nyuma ya soko, kuna fundi cherehani aliyejulikana kwa mambo mawili. La kwanza, suruali akishaishona yeye haifumuki mpaka mwenyewe anenepe. La pili, chai yake. Reuben Mwandoe alikuwa akitia vijiko sita vya sukari kwenye kikombe kimoja, na si vijiko vya kupangusa kwa kidole, bali vijiko vyenye kilima. Mama mwenye mkahawa wa jirani alishamzoea. Akimwona anakuja, alimsogezea bakuli la sukari, kisha akageukia jiko lake ili asione.

Kando ya cherehani yake palikuwa na mkebe wa vifungo. Vifungo vilikuwa juu tu. Chini yake zilijificha kashata, peremende na vipande vya sukari nguru vilivyofungwa kwa karatasi. Mkewe, Mukonyo, aliyekuwa akiuza mboga upande wa pili wa soko, aliujua mkebe huo kitambo, lakini alinyamaza. Waume za wenzake walikuwa wakinywa pombe na kulala mitaroni.

"Huyu wangu ni mlevi wa halua," alizoea kuwaambia wanawake wa soko. "Angalau anarudi nyumbani kwa miguu yake."

Ukitaka kujua utamu ulivyomwingia Reuben, itakubidi upande naye mpaka Mghange, kwenye vilima vya Taita, alikozaliwa miaka hamsini na nne iliyopita. Huko kwao sukari haikuwa kitu cha kila siku. Baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge huko chini, na alipopanda nyumbani mwisho wa mwezi alileta robo kilo ndani ya karatasi ya kaki. Mama yake, Mkamburi, aliimimina kwenye kopo, na kopo akalifungia ndani ya sanduku la nguo za kanisani. Halikutoka bila sababu: mgeni amefika, mtoto ana homa, au mtoto amerudi na ripoti nzuri ya shule. Siku hiyo mama alikoroga kikombe polepole, akakusogezea, kisha akaketi kukutazama ukinywa. Hakuwa mtu wa kutamka kwamba anakupenda. Alikoroga sukari, nawe ukaelewa.

Reuben alipokuwa na miaka minane aliapa moyoni kwamba akishakuwa mkubwa na kazi yake, hatakunywa tena chai ya kukunja uso. Viapo vingine vya utotoni aliviacha njiani, lakini hicho alikitimiza asubuhi, mchana na jioni kwa zaidi ya miaka thelathini.

Shida ilianzia kwenye sindano. Uzi ulikataa kuingia. Mwanzoni Reuben alilaumu stima, akanunua balbu yenye mwanga mkali. Kisha akalaumu watengenezaji wa uzi, kwamba siku hizi wanasokota ovyo. Mwisho akalaumu umri, akajipatia miwani kwa mchuuzi wa barabarani, ile ya kujaribu moja baada ya nyingine mpaka uone. Miwani ilimsaidia wiki mbili, ikawa kama hakuivaa. Wakati huohuo alikuwa na kiu isiyokatika. Aliweka chupa ya maji ya lita tano chini ya meza, na kufika saa nane mchana ilikuwa tupu. Akajiambia ni joto la Voi. Joto la Voi limebebeshwa lawama nyingi ambazo si zake.

Mwezi wa tatu mwaka jana, kwaya ya kanisa lao ilimpa kazi kubwa: magauni ishirini na nane ya kitenge kwa ajili ya tamasha la Pasaka. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa Rachel, mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu asiyepandisha sauti. Reuben aliwapima waimbaji wote mmoja mmoja, akaandika vipimo kwenye daftari, akakata, akashona, akapiga pasi. Siku ya kujaribu, magauni saba hayakupita nyongani. Mwimbaji mmoja alivuta lake kwa nguvu, likapasuka ubavuni mbele ya watu.

Reuben alifungua daftari kutafuta kosa. Alilisogeza karibu, akalipeleka mbali, akalirudisha. Hapo ndipo alipong'amua kwamba nane na tatu zilikuwa zimeanza kufanana machoni pake. Penye thelathini na nane yeye alikuwa amekata thelathini na tatu.

Watu walinong'ona. Rachel aliwatoa nje wote, akafunga mlango wa ukumbi, akavuta kiti.

"Fundi," alisema, "sikuulizi habari ya vitambaa. Vitambaa vitapatikana. Nakuuliza habari ya macho yako."

"Ni uzee tu, mwalimu."

"Mimi nimekuzidi miaka kumi na miwili, na Biblia naisoma bila miwani. Uzee hauji kwa fundi ukamruka mwalimu. Nenda hospitali."

Magauni hayo saba aliyashona upya fundi mwingine. Reuben alikaa pembeni akimshikia pasi. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumatatu iliyofuata alikwenda. Daktari wa macho alimmulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akamuuliza kama ana kiu sana siku hizi. Hakumwandikia miwani. Alimpeleka kwenye chumba cha mwisho cha ukumbi, ambako alitobolewa kidole, na tone la damu likawekwa kwenye kimashine kidogo kama saa. Aliyekisoma alikuwa Moureen, mtaalamu wa lishe, msichana ambaye Reuben angeweza kumzaa.

"Kumi na tisa," akasema Moureen.

"Kumi na tisa kati ya mia?" Reuben akauliza kwa matumaini.

"Hapana, mzee. Kabla ya kula ilitakiwa iwe chini ya saba. Hata ukiwa umekula, kumi na tisa ni nyingi mno. Una ugonjwa wa sukari, na nafikiri umekuwa nao muda mrefu."

Reuben alitazama mikono yake. Hakuuliza kama atakufa. Aliuliza, "Na macho?"

"Sukari ikijaa mwilini, hata jicho linavimba maji na kuona ukungu. Daktari amesema huko nyuma ya jicho bado hakujaharibika. Ukiishusha, mengi yatarudi. Ukiiacha juu, hilo siwezi kukuahidi." Akamwandikia siku za kurudi, akamweleza vidonge vya kumeza na wakati wake, akampa karatasi yenye orodha ya vyakula. Reuben hakuweza kuisoma. Aliikunja akaitia mfukoni, akaona haya kusema.

Jioni hiyo Mukonyo ndiye aliyemsomea. Alipomaliza, aliinuka, akautwaa mkebe wa vifungo ambao Reuben alikuwa amekuja nao nyumbani, akaumwaga mezani. Vifungo upande huu, utamu upande ule.

"Baba Janet," akasema, akimwita kwa jina la binti yao mwalimu, "mimi nilinyamaza nikidhani ni mchezo. Sasa sinyamazi tena."

Vyote vikaenda kwenye shimo la taka. Reuben naye, kwa kuwa alikuwa ameogopa kweli, aliapa mbele ya mkewe kwamba hataonja kitu kitamu tena maisha yake yote. Soda, hapana. Mandazi, hapana. Hata ndizi mbivu hapana. Chai isiyo na sukari, kama maji ya kuoshea sufuria, ugali kidogo, sukuma wiki, basi.

Alishika kiapo siku kumi na tisa. Kwanza alikuwa mkali kwa wateja. Kisha akawa mkali kwa Mukonyo: mboga ina chumvi, maji yana moto, redio inapiga kelele. Siku ya ishirini, jirani alifanya sherehe ya binti yake aliyehitimu chuo, na Reuben akaketi karibu na meza ya keki. Alikula kipande kimoja kwa heshima ya mwenye nyumba. Cha pili alikula kwa sababu cha kwanza kilikuwa kimeshaingia. Cha tatu alikifunga kwenye kitambaa, akakilia nyuma ya choo amesimama kama mwizi, akakisukuma kwa soda ya machungwa. Alijifuta mdomo, akachungulia kona kama kuna aliyemwona. Mtu mzima, mzee wa kanisa, baba wa mwalimu, nyuma ya choo.

Hakumwambia mkewe. Badala yake alitafuta ujanja. Mzee mmoja sokoni alimwambia asali haina shida, asali ni kitu cha asili, hata Maandiko yanaisifu. Reuben alifurahi kama mtu aliyefunguliwa jela. Akajipatia chupa ya asali nzuri, nyeusi, ya nyuki wa porini, akaanza kuitia kwenye chai na uji, na nyingine kuilamba kijikoni tu. Mukonyo mwenyewe aliamini. Wiki tatu zilipita kwa amani, hata akamchekea mteja.

Siku ya kliniki alikwenda akitembea kwa madaha. Moureen akamtoboa kidole, akatazama kimashine, akakitikisa, akatoboa kidole kingine.

"Kumi na saba, na hujala tangu jana. Mzee Reuben, unakula nini?"

"Nimeacha sukari kabisa, daktari. Natumia asali tu. Ni ya asili."

Moureen alikitua kimashine mezani. Hakucheka, na Reuben anamheshimu kwa hilo mpaka leo.

"Mzee," akasema, "nyuki hajui kama una ugonjwa wa sukari. Yeye anatengeneza utamu tu. Asali ikiingia kwenye damu inakuwa sukari ileile."

Reuben aliinamisha kichwa. Ndipo, bila kutaka, akamwaga yote: kiapo, ukali nyumbani, keki nyuma ya choo. Alidhani atakaripiwa. Moureen aliweka kalamu chini.

"Nani alikuambia uache kila kitu kitamu?"

"Ile karatasi."

"Karatasi haikusema hivyo. Uliisoma?"

"Sikuiona vizuri," Reuben akakiri. "Nilisomewa, na nilikuwa nimeogopa. Nilisikia hapana peke yake."

"Basi nisikilize mimi. Usinywe sukari: soda, juisi, chai ya vijiko sita, hizo zinapanda haraka kama moto wa nyasi. Lakini ulimi wako nimeuelewa, hauwezi kufungwa jela. Tafuta kitu chenye utamu wake ndani, ule kidogo, baada ya chakula, pamoja na maharagwe au karanga, si peke yake. Ukimaliza tembea. Chai punguza kijiko kimoja kila baada ya siku chache, usikate kwa panga. Na vidonge usiache. Sasa niambie, kwenu mlikuwa mnakula nini kitamu ulipokuwa mdogo?"

"Kwetu hakukuwa na kitu kitamu," akajibu Reuben. "Ndiyo sababu niko hapa."

Moureen akatabasamu. "Kamwulize mama yako kama ni kweli."

Swali hilo lilimkaa. Jumamosi alifunga kibanda mapema, akapanda kwao kupitia Mwatate na Wundanyi. Huko juu ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na baridi ikamkumbusha kwamba hakubeba koti. Mkamburi alikuwa jikoni. Alikuwa na miaka themanini na tatu, mgongo umepinda, ulimi umenyooka. Alipomwona mwanawe alipiga kigelegele kifupi, akatia maziwa motoni, na kabla Reuben hajakaa vizuri kikombe kilikuwa mbele yake kikitoa mvuke. Vijiko sita. Alikuwa amevihesabu mwenyewe, kwa kuwa anamjua mwanawe. Kisha akaketi kumtazama akinywa.

Reuben alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama, samahani. Siku hizi sinywi chai yenye sukari."

"Haijakolea? Ngoja nikuongezee."

"Imekolea, Mama. Ndiyo shida yenyewe."

Uso wa mama ulibadilika. "Nani amekuambia mama yako anakupa sumu? Ni huyo mkeo?"

"Si Mukonyo. Ni damu yangu." Akamweleza. Hakumficha kitu, hata magauni saba, ambayo alikuwa hajamwambia mtu yeyote wa kwao. Macho aliyaacha mwisho.

Mkamburi alisogeza kigoda, akamkaribia kabisa. "Unaniona?"

"Nakuona. Lakini una ukungu kidogo."

"Ukungu wa Mghange au wa macho?"

"Wa macho, Mama."

Mama alisukuma kuni mafigani. Kisha akakitwaa kile kikombe mikononi mwa mwanawe, akakinywa mwenyewe chote, akajifuta mdomo kwa kanga. "Neema ya Mungu haimwagwi," akasema. "Mimi nimeshafika themanini na tatu, daktari wako akinitaka atanikuta hapahapa."

Reuben akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo, akashindwa kujua lipi limetangulia.

"Mama, nimetumwa nikuulize. Kabla Baba hajaanza kuleta sukari, sisi tulikuwa tunakula nini kitamu?"

"Wewe kweli umesahau!" Mkamburi akashangaa. "Unadhani nilikuwa nawanyamazisha na nini? Mawe?"

Aliinuka, akaenda kwenye uchaga ulio juu ya moto, akashusha kikapu cha viazi vitamu vilivyosinyaa ngozi. Alieleza kwamba kiazi kikichimbwa leo kikaliwa leo ni chakula tu, lakini ukikiacha juani siku sita au saba, kinajitengenezea utamu wake ndani kwa ndani. Alichemsha viazi hivyo na ndizi moja iliyoiva nusu, akavichanganya na maharagwe mengi yaliyokuwa yamelala motoni tangu asubuhi, akaponda kwa mwiko mpaka vikashikana. Kilikuwa kimanga, chakula ambacho kila mtoto wa Taita amekulia. Reuben mwenyewe alikila kwenye matanga na harusi bila kukitia maanani, akili yake ikiwa kwenye chai inayofuata.

Safari hii alikila taratibu. Kinywa kilichokuwa kimezoea vijiko sita kilisema, hakuna kitu hapa. Akatafuna tena. Donge la pili likaleta utamu wa mbali, kama mtu anayepiga hodi kwa upole nyumba ya pili. Donge la tatu, akamkumbuka nduguye mdogo wakigombania ukoko wa sufuria.

"Nile kiasi gani?" akauliza. "Daktari anasema vyakula kama hivi, ukubwa wa ngumi."

Mkamburi alimshika mkono, akamkunja vidole vyote vikawa ngumi, akaipima kwa macho dhidi ya sufuria. "Hii? Hii ni ngumi ya mtu wa Mghange. Daktari wako alikuwa anafikiria ngumi yake. Lakini haya, tumtii." Akampakulia kilichotoshana, akamwekea mboga za majani rundo zima kando.

Aliporudi Voi, alimkuta Mukonyo yuko tayari kwa vita, maana alikuwa amesikia kwamba asali nayo ni sukari ileile. Reuben alimweleza yote, keki ya choo ikiwemo. Mukonyo alikasirika siku moja. Ya pili alisema, "Kama ni kupika, mbona hukuniambia? Mimi ni mtoto wa Ukambani, nimelelewa na wimbi."

Hapo ndipo yalipoanza majaribio. Mandazi ya kwanza ya unga wa wimbi yalitoka magumu hivi kwamba Reuben alisema mtu angeweza kuyatumia kama kigingi cha kuzuia gari. Ya pili yalikuwa laini, ila yalinukia kama gunia. Walitupa, wakacheka, wakaanza tena. Ndizi zilikuwa zikifika sokoni kutoka Mata, huko Taveta, na zile zilizoiva mpaka kupata madoadoa meusi hazikuwa na mnunuzi. Mukonyo alizikusanya. Akaziponda, akachanganya unga wa ngano nusu na wimbi nusu, mayai mawili, karanga zilizotwangwa, iliki na mdalasini, bila sukari hata chembe. Akauoka mchanganyiko huo sufuriani, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Harufu ilipopita dirishani, mama wa nyumba ya pili aliuliza kuna sherehe gani.

Mkate ule ulikuwa mtamu. Si utamu wa kukupiga kofi. Ulikuwa utamu wa kukaa nao. Reuben alikata kipande cha upana wa vidole viwili baada ya chakula cha mchana, kingine akakitaka mara moja, akaikalia mikono yake mpaka hamu ikapita. Kisha wakaenda kutembea, yeye na Mukonyo, mpaka upande wa stesheni ya reli na kurudi. Walikuwa hawajatembea pamoja bila mzigo tangu walipokuwa wachumba, na barabara nzima hawakujua waongee nini. Wiki ya pili wakawa hawanyamazi.

Chai ilishuka ngazi kwa ngazi: vitano, vinne, vitatu. Vitatu kwenda viwili ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, akakaa hapo mwezi mzima. Si kwamba hakuteleza. Krismasi ilimwangusha, na mara mbili alipita mbele ya duka la halua akarudi nyuma akidai amesahau kitu. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa anamwambia Mukonyo jioni ileile, naye Mukonyo akasema, "Haya, kesho ni siku nyingine," badala ya kutafuta mkebe wa kumwaga. Kliniki ilisoma kumi na tatu, kisha kumi, kisha nane na nukta. Mwezi wa pili mwaka huu ikasoma saba kasoro. Moureen aliandika, akapigia mstari mara mbili.

Macho hayakurudi kwa mpigo. Yalirudi kama asubuhi ya vilimani, ukungu ukijiondokea bila mtu kuuona ukiondoka. Siku moja Reuben alikuwa akizungumza na mteja, mikono ikifanya kazi yake, mara akanyamaza katikati ya sentensi. Uzi ulikuwa umeingia kwenye sindano mara ya kwanza, naye alikuwa hata hajautazama sana. Mteja alidhani ameugua.

Majirani nao waliona. Wiki iliyopita Muli, kinyozi wa kibanda cha tatu, mtu wa maneno mengi na soda tatu kwa siku, alikuja akaketi kwenye benchi la Reuben bila kusema lolote. Kwa Muli hiyo peke yake ilikuwa habari. Kipande cha karatasi ya hospitali kilichungulia mfukoni mwake.

Reuben hakukiulizia. Alizima cherehani, akatoa chakula chake kutoka kwenye hotipoti, akakigawa mara mbili: maharagwe, mboga, kimanga. Baadaye akakata mkate wa ndizi, vipande viwili vyembamba. Muli alikula kichwa chini.

"Kumi na sita," hatimaye akasema.

"Mimi nilianzia kumi na tisa. Inuka tutembee."

Walifuata barabara ya stesheni, jua limeanza kulegea, Mukonyo akiwasubiri mbele kwenye kona na kikapu chake kitupu. Walipopita maduka, Muli alimgeukia Reuben.

"Ndugu yangu, niambie kweli, usinifariji. Hivi nitaishi hivi, kila kitu kikiwa na ladha ya karatasi?"

Reuben alifikiri. Hakutaka kumdanganya.

"Mwezi wa kwanza ni mbaya," akasema. "Utanichukia mimi, utamchukia mkeo, utaichukia hata redio. Halafu kuna siku, sikumbuki ilikuwa ya ngapi, nilikuwa nakunywa maziwa moto, maziwa matupu ya kutoka Werugha. Nikamwita mke wangu nikamuuliza kwa nini ameyatia sukari. Akaniambia hajatia kitu. Nikaonja tena. Muli, nina miaka hamsini na nne, na sikuwahi kujua maziwa ni matamu."

Muli alisimama barabarani. "Maziwa?"

"Maziwa."

"Na nyanya je?"

"Hata nyanya," akasema Mukonyo, ambaye alikuwa amewafikia. "Lakini usimwulize habari ya karoti, hatutafika nyumbani."

Muli akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na wote watatu wakaendelea kutembea, yeye akiuliza mdalasini unauzwa duka gani.